Rubani Aliyeshuka Kumsalimia Mama Mkwe

Ijumaa iliyopita nilikuacheni pabaya, najua. Wapo walionifuata hadi kwa kinyozi, nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa, wakitaka kujua kama Kipanga amekufa. Sikuwajibu. Kinyozi mwenyewe alizima mashine yake akisubiri, naye nikamnyima.

Kwa anayejiunga nasi leo, mambo yalikuwa hivi. Kipanga ni rubani wa ndege ndogo inayopeleka miche, vifaranga na vifurushi kwenye vijiji vya milimani. Jumamosi anaoa. Anamwoa Fundi, binti anayetengeneza injini ya hiyohiyo ndege yake. Wazee wamekubaliana, ukumbi umepatikana, suti imeshonwa. Limebaki sharti moja la mama wa Fundi: binti yake haolewi na mtu asiye na kazi.

Sasa, kazi ya Kipanga ni leseni yake. Na leseni ilikuwa mikononi mwa mkaguzi aliyeketi kiti cha kulia asubuhi ile kumpima, ambaye kabla ya kupaa alitoa agizo moja tu: usishuke chini ya vilele vya milima.

Kipanga alishuka.

Msimlaumu kabla hamjasikia. Nyumba ya mama mkwe iko ubavuni mwa mlima, palepale ndege inapopita, na mama mkwe ni mtu wa heshima zake. Kwake yeye, mkwe hapiti nyumbani kwa wakwe bila kusalimia. Kwamba mkwe yuko angani, hilo ni shauri la mkwe. Basi kila safari Kipanga huingia bondeni, huinamisha bawa la kushoto juu ya ua, mama hupunga mkono, kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Siku hiyo aliapa kupita juu kama mwanafunzi mwema. Kisha akamwona mama amesimama uani, uso juu, mkono kiunoni. Akamtupia jicho Mkaguzi, akamkuta amelala fofofo. Akasema moyoni, mara moja tu, nani atajua.

Asichojua ni kwamba mama alikuwa amefua mashuka ya wageni wa harusi, na ili yasiburuzike akaiinua kamba juu ya nguzo mpya, ndefu kweli. Gurudumu la mbele likanasa kamba. Kamba ikajizungusha kwenye shingo ya pangaboi, shuka moja jeupe likajibandika kwenye kioo, na Kipanga akawa haoni kitu mbele, ila anakumbuka vizuri kwamba mbele kuna mlima.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Leo naiokota.

Kipanga aliuvuta usukani hadi ukamgusa kifua, akaupinda kushoto, akafumba macho, maana kwa shuka lile kuyafumbua hakukuwa na faida. Injini ikakohoa. Ikakabwa. Ikanyamaza. Ndege ikasimama hewani kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata.

Kisha ikaanguka.

Ikaangukia mianzi. Baba mkwe aliipanda zamani kuzuia udongo usimomonyoke, na kila mwaka mkewe humwambia aikate, na kila mwaka yeye husema kesho. Uvivu wa baba mkwe ndio uliookoa roho mbili siku ile. Mianzi ililia, ikainama mpaka karibu iguse ardhi, ikainuka, ikainama tena. Gurudumu la mbele likachomoka na kuteremka mlima peke yake. Ndege ikatulia juu ya mianzi, mkia ukiwa umeegemea ubavu wa mlima, pua ikitazama bonde, yote ikibembea polepole.

Kipanga akafumbua jicho moja. Akajipapasa miguu, ipo. Akajipapasa kichwa, kipo, ingawa wakati huo hakukiona kuwa na thamani kubwa.

Akageuka kulia kumtazama maiti wa Mkaguzi.

Maiti alikuwa anakoroma.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo mambo yote yanapoanzia. Mkaguzi wa marubani anaogopa ndege. Kabla ya kupaa alimeza kidonge cha kichefuchefu, akaongeza kingine cha kukisindikiza kile cha kwanza, na tangu magurudumu yaache ardhi hakuona kitu. Hakuona salamu, hakuona kamba, hakuona mlima. Mianzi ilikuwa inambembeleza sasa, naye akajikunyata vizuri kitini, akaendelea.

Redio ikakwaruza. "Kipanga. Uko hai?"

Alikuwa Fundi. Wiki ya harusi yuko kwao, lakini redio yake ya mkononi haiachi hata jikoni.

"Niko hai," Kipanga akanong'ona. "Ongea polepole, amelala."

"Nani amelala?"

"Mkaguzi."

"Amelala au amezimia?"

"Anakoroma. Hajui chochote."

"Injini ilizima yenyewe?"

"Hapana. Nilishuka kusalimia."

"Hata leo, Kipanga? Na huyo mtu ndani?"

"Mama yako alishika kiuno."

Fundi amelelewa na mama huyo, anakijua kile kiuno. "Nakuja," akasema. "Mama ameshatangulia, anapanda huko na hasira zake. Usitikisike, mianzi ile haina mizizi mirefu. Na uzime swichi ya injini. Unasikia? Zima swichi, kila siku unasahau."

"Naizima."

Akanyoosha mkono kuizima. Mkaguzi akapiga chafya, akaamka. Mkono ukarudi mapajani ukiwa haujagusa kitu, na mwenye mkono akatabasamu.

"Tumefika wapi?" Mkaguzi akauliza, akifuta mdomo.

Kipanga akatazama kioo. Kilikuwa cheupe pe, kimefunikwa na shuka la wageni. Madirisha ya pembeni yamejaa majani, lakini Mkaguzi alitazama mbele tu, kama wafanyavyo watu waoga.

"Tumo ndani ya wingu, bwana," akasema.

Alikuwa hajapanga kusema hivyo. Lilimtoka. Ila likishakutoka jambo kama hilo, unalifuata linakokwenda.

"Mbona sisikii injini?"

"Nimeizima, bwana. Zoezi la kuruka bila injini."

"Nilikuagiza hilo?"

"Ulitikisa kichwa, bwana."

Mkaguzi akisema hakutikisa kichwa, itabidi aseme alikuwa anafanya nini muda huo. "Aa, ndiyo," akasema. "Nilitikisa. Endelea."

Mianzi ikabembea. Kipanga akashika usukani kwa mikono miwili na kuuzungusha kidogo huku na huku, kwa ajili ya heshima.

"Ndege imetulia sana," Mkaguzi akasema.

"Ndio mtindo wangu, bwana."

"Miaka yote hii sijaona rubani aliyetulia hivi ndani ya wingu. Tuko juu kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha, bwana."

"Vizuri sana. Kwa kweli sioni kwa nini nisikupe leseni yako leo hii. Ila tukianza kushuka niambie nifumbe macho. Sipendi kushuka."

Kipanga akaanza kupanga mambo. Mkaguzi afumbe macho. Fundi afungue mlango wa upande wa mlima, amshike mkono, amteremshe kwenye nyasi, amwambie karibu uwanjani. Ndege ataieleza baadaye, hata kesho. Leseni ataipata, Jumamosi ataipata, na Fundi wake ataketi karibu naye amevaa gauni badala ya ovaroli. Alimpenda binti yule kiasi kwamba mpango wa kijinga kama huo aliuona una akili.

Jogoo akawika.

"Nasikia jogoo," Mkaguzi akasema.

"Ni mizigo, bwana. Tumebeba vifaranga."

"Vifaranga wanawika?"

"Wamekua, bwana. Safari yenyewe imekuwa ndefu."

Mkaguzi alikuwa bado anaitafakari hiyo, ndipo sauti ya mwanamke ikapanda kutoka huko chini, nzito, inayohema kwa kupanda mlima.

"We mkwe. Uko humo?"

"Nani huyo?" Mkaguzi akauliza.

"Redio, bwana. Kituo cha mawasiliano."

"Mkwe, nakuuliza."

"Niko, mama," Kipanga akajibu kwa sauti, akiwa ameinamia redio iliyo kimya.

"Salamu kwanza."

Kipanga akafumba macho. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapo sasa."

Mkaguzi alimtazama. "Kituo kinaamkiwa?"

"Ni mama mtu mzima, bwana. Yuko kazini tangu zamani."

"Nimekuletea gurudumu lako," sauti ikasema. "Limeingia bandani kwangu, kuku wote wametawanyika."

"Wanasema nini kuhusu gurudumu?"

"Wanauliza kama magurudumu yako tayari kwa kutua, bwana."

"Waambie yako tayari."

"Yako tayari, mama," Kipanga akasema kwa unyonge.

"Yako tayari wapi, na mimi ninalo hapa kwapani?"

"Punguza hiyo sauti," Mkaguzi akasema, "inaumiza masikio."

Kipanga akazungusha kitufe cha redio. Sauti ikazidi kupanda, kwa kuwa mwenye sauti alikuwa amezidi kukaribia. Amefika kwenye tuta lililo sawa na pua ya ndege, ana gurudumu kwapani, na mbele yake anaona kitu kilichomsahaulisha hata mkwe.

"Shuka langu la wageni," akasema.

Akalivuta.

Wingu likaondoka. Mahali pake ukatokea uso wa mama mkwe, karibu kabisa na kioo, unavuja jasho, kilemba kimekaa upande. Akamtazama Mkaguzi. Mkaguzi akamtazama yeye.

"Hujambo, baba," akasema mama.

"Sijambo, mama," Mkaguzi akajibu, maana mtu aliyelelewa vizuri adabu humtoka kabla ya akili kufika. Kisha akili ikafika. Akatazama kulia, majani. Akatazama chini, bonde lote hadi mtoni. Akakikumbatia kiti chake kwa mikono na miguu.

"Tuko juu ya mti," akasema.

"Mianzi, bwana," Kipanga akasema. "Wataalamu wanaihesabu kuwa nyasi."

Ndege ilibembea, mianzi miwili mitatu ikakatika kwa chini, na hapo Fundi akafika akikimbia, redio mkononi, masizi ya injini na hina ya harusi vidoleni. Akamwona Kipanga mzima, akashusha pumzi. Kisha akamtolea macho ya kumwambia ngoja tufike nyumbani.

Sasa Mkaguzi si mpumbavu, ni mwoga tu. Ndani ya muda mfupi alikuwa amekwisha kuona hatari mbili: ya bonde, na ya ofisini kwake. Mkaguzi aliyelala ndege ikianguka hana maisha marefu katika kazi ile.

"Kijana," akasema polepole, "injini ilizima, si ndiyo?"

Kipanga hakuelewa.

"Mimi nilikuwa macho. Nikaona injini imezima ghafla. Wewe ukajitahidi, ukatuokoa. Wewe unapona, mimi napona. Leseni yako hii hapa." Akaitoa mfukoni, kijitabu kidogo, akakiinua.

"Sikia hiyo," mama mkwe akasema. "Alikuwa macho. Nilikusikia ukikoroma toka kule kwenye banda la kuku."

"Mama, ngoja," Kipanga akasema. Akamgeukia Mkaguzi. "Tukisema injini ilizima, nani atajibu?"

"Aliyeitengeneza. Fundi wake. Atanyang'anywa cheti, mambo yataisha hapo. Mafundi hawakosekani."

Fundi alikuwa amesimama kwenye tuta. Alisikia kila neno. Alijifuta vidole kwenye gauni la nyumbani, na Kipanga akamwona anavyojifuta. Binti yule aliijua injini ile tangu akiwa hafiki kimo cha pangaboi. Kuna siku alitambua kwa sauti tu, akiwa anapiga mswaki, kwamba nati moja imelegea.

Wasomaji wangu, mimi ningefikiria kidogo. Nasema ukweli. Ningejikuna kichwa, ningeomba maji ya kunywa. Kipanga hakuomba maji.

"Injini haina kosa," akasema. "Haijawahi kuwa na kosa. Niliingia bondeni mwenyewe kumsalimia mama mkwe wangu, nikanasa kamba ya nguo."

"Unajua unachosema?"

"Najua, bwana."

"Kwa maneno hayo huna leseni."

"Najua, bwana." Akamtazama Fundi. "Andika jina langu, jina lake liache."

Mkaguzi akakirudisha kile kitabu mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akafanya jambo ambalo hata leo sijamsamehe. Akacheka.

"Unajua kilichonileta huku? Ulidhani ni kuruka chini? Hakuna aliyewahi kulalamikia hilo. Kuna mama mmoja alipiga simu ofisini, akasema rubani wenu ana dharau, amepita juu kabisa ya nyumba yangu kama hanijui. Tulicheka siku nzima. Lakini kila lalamiko lina utaratibu wake, lazima mtu aje. Nilikuja kupanda, kuteremka na kutia saini. Ungepita juu leo, ungekuwa nayo mkononi."

Kipanga na Fundi waligeuka kwa pamoja.

Mama mkwe alikuwa anatazama gurudumu.

"Ni mimi niliyepiga," akasema.

"Mama," Fundi akasema.

"Ile siku hakushuka. Nilisimama uani mpaka shingo ikauma, ndege ikapita juu huko. Jirani akaniona."

"Kulikuwa na ukungu bondeni, mama," Kipanga akasema taratibu. "Ningeshuka ningegonga mlima."

"Mimi nitajuaje? Niliona ndege tu." Akakaa juu ya gurudumu, mwanamke yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikaa kabla ya kualikwa. "Kwa hiyo ni mimi. Nimemharibia mwanangu harusi kwa salamu."

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu, maana wote wangejua la kufanya. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue mikono aiweke wapi.

Mkaguzi akakumbuka bonde. "Wewe teremka," akamwambia Kipanga. "Teremka kwanza uishike hii ndege isibembee, kisha mlete ngazi. Mimi sitoki humu bila ngazi."

Kipanga akafungua mlango, akakanyaga tuta. Ndege ilipoona uzito umepungua ikainuka kidogo juu ya mianzi. Mkaguzi akakikumbatia kiti upya. Mfuko wa shati umefungwa kifungo, na ndani yake Jumamosi ya watu wawili.

Kipanga alisimama mbele ya Fundi.

"Mjinga wewe," Fundi akamwambia, machozi yakimlengalenga. "Ungesema injini."

"Siwezi."

"Najua huwezi. Ndiyo maana nakwambia mjinga." Akamshika mkono, akauacha mkononi mwake. Kisha akakunja uso, kama mtu aliyesahau jiko linawaka. "Kipanga. Ile swichi."

"Swichi gani?"

Sasa mtazameni mama mkwe. Kuna watu wakiona aibu huondoka, wengine husali. Mama yule hupanga vitu. Akiwa na aibu hufagia, hukunja, huanika. Aliinuka kutoka kwenye gurudumu, akalikung'uta lile shuka, akalikunja vizuri. Bado kamba. Kamba yake ilikuwa inaning'inia kutoka kwenye pangaboi hadi miguuni pake, na haikuwa kamba ya kuachwa porini. Akaishika. Akaikaza. Ikagoma. Akaizungusha kwenye kiganja, akaweka mguu mmoja mbele, akaivuta kwa hasira yote aliyojikasirikia mwenyewe.

Mmewahi kumwona mtu akiwasha jenereta kwa kamba? Basi.

Kamba ikafunguka kutoka shingo ya pangaboi kwa mkupuo. Pangaboi likazunguka. Injini, ambayo haina kosa na haijawahi kuwa na kosa, ikakohoa mara moja, ikanguruma. Mama akarudi nyuma akaanguka juu ya shuka lake.

"Mama, toka hapo," Fundi akapiga kelele, akamburuta kwapani. Kipanga akarukia mkia wa ndege. Alichopata ni upepo na manyoya ya kuku. Mianzi, iliyokuwa imechoka kubeba mzigo usio wake, ikajinyoosha yote kwa pamoja, na ndege ikatoka pale kuelekea bondeni na Mkaguzi wake, vifaranga wake na leseni ya Kipanga.

Ilizama. Wote watatu wakainama ukingoni kuitazama. Haikuonekana.

Kisha ikatokea upande wa pili wa bonde, ikiyumba kama mlevi anayetafuta funguo, lakini inapanda.

Redio ya Fundi ikakwaruza.

"Kipanga." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyezeeka ghafla.

"Naam, bwana."

"Niko angani."

"Nakuona, bwana. Si uliwahi kuwa rubani zamani?"

"Nilikuwa. Niliacha kwa sababu ya woga. Nifanye nini?"

Kipanga akafungua mdomo kumwambia. Mama mkwe akaichukua ile redio mkononi mwa Fundi.

"Baba," akasema, "leseni ya mwanangu iko wapi?"

"Iko mfukoni mwangu, mama."

"Ni ya nani?"

"Ni yake. Ni yake, mama, naapa."

"Na injini ya binti yangu?"

"Inanguruma vizuri mno. Sijasikia injini nzuri kama hii."

"Ulikuwa umelala au ulikuwa macho?"

Redio ikakwaruza. "Nililala, mama. Nilimeza vidonge viwili."

"Jumamosi utakuja harusini, umpe leseni yake mbele ya watu, na hayo ya vidonge uyaseme."

"Nitakuja, mama. Nikifika chini nitakuja."

Mama akamkabidhi Kipanga redio. Uso wake ulikuwa umerudi mahali pake. "Haya, mwelekeze. Mwelekeze kwa upole, ni mtu mzima yule."

Kipanga akaisogeza redio mdomoni. "Bwana Mkaguzi, shika usukani bila kuukaba. Pinda kushoto, taratibu. Hivyo. Nyoosha. Sasa mbele yako utauona uwanja."

"Siuoni uwanja."

Fundi alikuwa amegeuza macho chini, kwenye gurudumu la mbele lililolala nyasini. Akamvuta Kipanga shati, akamwonyesha kwa kidole. Kipanga akamfanyia ishara kwamba hilo lisubiri.

"Unaona nini, bwana?"

"Naona mlima. Naona mianzi. Kuna watu watatu, na mmoja ni yule mama."

Wakainua vichwa. Ndege ilikuwa inakuja moja kwa moja kwao, ndani kabisa ya bonde, chini ya vilele vyote, bawa la kushoto limeinama.

"Kipanga, lala chini," Fundi akasema.

Kipanga akalala, akamlaza na Fundi. Mama mkwe peke yake ndiye aliyebaki wima. Aliweka kilemba sawa, akajikung'uta nyasi, akainua mkono.

"Mwacheni," akasema. "Anakuja kusalimia."